Sauti Bandia za Wagombea: Rungu Apewe Nani?

Januari 2024, siku mbili kabla ya uchaguzi wa mchujo katika jimbo la New Hampshire, Marekani, maelfu ya wapiga kura walipigiwa simu na sauti ya Rais Joe Biden ikiwasihi wasijitokeze kupiga kura. Sauti hiyo ilitengenezwa kwa akili unde (AI). Septemba iliyotangulia, huko Slovakia, rekodi bandia ya Michal Šimečka, kiongozi wa chama cha Progressive Slovakia, "akipanga" wizi wa kura ilisambaa katika saa 48 za mwisho kabla ya uchaguzi, wakati sheria inapozuia kampeni. Chama chake kilimaliza cha pili, ingawa wanaosema rekodi hiyo ndiyo iliyoamua matokeo wanavuka ushahidi uliopo.

Wanaodai sheria kali wana hoja: uongo wa aina hii ni rahisi kuutengeneza, na humaliza kazi yake kabla hakimu hajaketi. Hata hivyo, hofu ya wanaopinga ina uzito zaidi kwetu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya mitandaoni iliweka kifungo cha hadi miaka 10 kwa anayechapisha habari za uongo, na wanablogu wamewahi kukamatwa kwa kifungu hicho. Serikali inayopewa mamlaka ya kuamua lipi ni uongo huanza na wakosoaji wake.

Nadhani New Hampshire ilionyesha njia nyingine, japo yenye mapengo. Tume ya mawasiliano ya Marekani ilimtoza mshauri wa siasa aliyeagiza simu hizo dola milioni 6, na kampuni iliyozipitisha ikakubali kulipa dola milioni 1 na kuhakiki wateja wake kwa makini zaidi. Mashtaka ya jinai yalianguka mahakamani mwaka 2025, lakini tume haikulazimika kupima maoni ya mtu yeyote. Iliuliza nani alighushi namba ya mpigaji na nani alizipitisha simu hizo.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2024 inataka maudhui bandia yatambulishwe, sharti ambalo mwenye nia mbaya atalipuuza. Kwa hiyo mzigo wa kwanza uwaangukie watengenezaji wa programu na wasambazaji. Kigumu zaidi ni WhatsApp, ambako ujumbe umefungwa kwa usimbaji hata kampuni yenyewe haioni kinachopita, na hapo sijaona sheria iliyopata jibu bila kuchungulia mazungumzo ya watu.