Kumi ya samai si kumi ya jurjina

Muulize mwanafunzi wa siku hizi wa udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, samai thakili ya muziki wa Kiarabu ni mdundo gani, atakujibu upesi: kumi kwa nane. Hajakosea, maana kwenye karatasi ya noti ndivyo inavyoandikwa mara nyingi. Muulize ustadi aliyefunzwa kwa mdomo, hatataja namba. Atapiga kiganja gotini huku akitamka: dum, es, es, tak, es, dum, dum, tak, es, es. Dum ni pigo zito la katikati ya ngoma, tak ni pigo kavu la ukingoni, es ni kimya.

Ni jibu lipi kati ya haya linalomwezesha mtu kuutambua mdundo anapousikia? Tangu video za mafunzo zienee, upande wa namba umepata nguvu sana, na ustadi wa dum na tak anaonekana mtu wa makamo aliyeikosa shule. Naona hapo anadhulumiwa, kwa sababu alichokisema kina habari nyingi kuliko namba.

Hebu tuitazame hiyo samai yake. Duru, yaani mzunguko mmoja wa mdundo, ina nafasi 10. Mapigo yamo katika ya 1, ya 4, ya 6, ya 7 na ya 8. Zilizobaki, yaani ya 2, ya 3, ya 5, ya 9 na ya 10, ni kimya. Tano kwa tano: nusu nzima ya samai thakili haipigwi. Namba 10 haikwambii lolote kuhusu nusu hiyo, wala haikwambii kwamba ya 6 na ya 7 ni dum mbili zinazofuatana, na kwamba hapo ndipo uzito wote wa duru unapoegemea. Mwanafunzi aliyepewa namba peke yake huzijaza nafasi zote kumi kwa kipigio, kila moja kwa nguvu ileile. Noti zinakuwa sahihi zote, lakini msikilizaji hajui duru imeanzia wapi. Aliyefunzwa kuitamka anafanya kingine: kwenye dum anagusa uzi mnene wenye sauti nzito, baada ya tak ya nafasi ya 8 anauacha mlio uning'inie juu ya zile nafasi mbili tupu, na dum inayofuata inaingia kana kwamba ilikuwa inasubiriwa. Hakuna ngoma chumbani, ila samai inasikika.

Hili lina uzito wa pekee kwenye udi, kwa kuwa mara nyingi udi hupigwa peke yake. Penye ngoma kama dumbaki na rika, mdundo unatangazwa na wengine. Asipokuwepo mtu wa ngoma, kilichobaki ni namna mpigaji anavyogawa uzito kati ya nyuzi nene na nyembamba, na namna anavyonyamaza.

Midundo ya nafasi nane inalionyesha jambo hili wazi zaidi. Chukua maksumu, baladi na saidi, midundo mitatu inayojulikana mno katika muziki wa Misri. Yote mitatu kwenye karatasi ni nne kwa nne. Si hivyo tu: yote mitatu ina mapigo katika nafasi zilezile, ya 1, ya 2, ya 4, ya 5 na ya 7. Maksumu ni dum, tak, kisha tak, dum, tak. Badili tak ya nafasi ya 2 iwe dum, umepata baladi. Iache ya 2 ilivyo, badili ya 4 iwe dum, umepata saidi ya Misri ya juu. Pigo moja tu limebadilika rangi, na umehama kutoka ukumbi wa Kairo hadi ngoma za fimbo za kusini. Hesabu hata iwe kamilifu namna gani haitakuonyesha tofauti hiyo, maana hesabu inauliza pigo liko wapi na haiulizi ni pigo la aina gani.

Upande wa namba una hoja zake, nazo si za kupuuzwa. Kuandika midundo hakukuletwa na Wazungu: mwananadharia wa muziki Safi al-Din al-Urmawi, aliyefariki mwaka 1294, aliichora midundo kwa miduara, na kabla yake mwanafalsafa al-Farabi aliieleza kwa urefu. Mkutano wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Kairo mwaka 1932 uliijadili na kuipanga, na hadi leo wanafunzi wanafaidi kazi ile. Isitoshe, majina yanachanganya. Baladi wengine wanaiita masmudi ndogo, na maksumu baadhi ya watu wanaiita wahda wa nusu. Mpigaji wa Tunis na wa Baghdad wakikutana, karatasi inawapatanisha haraka kuliko majina. Halafu kuna duru ndefu za muwashahi, aina ya uimbaji wa kale wa Kiarabu, kama murabba ya nafasi 13 na muhajjar ya nafasi 14. Kumwambia mgeni azishike kwa kusikia tu ni kumtesa bure.

Hoja hizo nazikubali, ila zote zinahusu kuhifadhi na kuelewana. Kutambua ni jambo lingine, na hapo jurjina ya Iraki ndiyo inayonishawishi kuliko kitu chochote. Nayo ni duru ya 10. Nayo hugawanywa 3, 2, 2, 3, sawasawa na samai thakili. Kwa mtu wa namba hawa ni pacha. Kwa sikio hawafanani hata kidogo: jurjina inakwenda mbio, nyepesi, inayobeba pasta, nyimbo nyepesi zinazofuata makam, uimbaji wa jadi wa Iraki, na samai inatembea kwa kujivuta. Hata waandishi wenyewe wa noti hawakubaliani, kwani samai hiyohiyo utaikuta kwingine imeandikwa kumi kwa nne.

Anayesikiliza kipande cha samai kwa udi mtupu, na hana uhakika, ana njia nzuri kuliko kuhesabu. Asikilize mwisho wa sentensi ya muziki, mlio unapotua na kuachwa, kisha uzi mnene unaporudi. Hapo ndipo mlango wa duru. Aisubiri pia khana ya nne, yaani sehemu ya nne ya kipande. Khana tatu za kwanza na taslimu, kiitikio kinachorudiwa baada ya kila khana, huwa katika 10, na ya nne kwa kawaida huhamia duru nyepesi ya 3 au ya 6, kabla ya taslimu kurudi katika 10. Mhamo huo hata asiyejua muziki anausikia, mradi zile dum mbili za katikati zimeshamwingia. Na akikuta taksimu, upigaji wa kubuni papo hapo, isiyofuata duru yoyote, asiilazimishe namba. Wanafunzi wengi hupoteza muda kutafuta mdundo mahali ambapo mpigaji ameuacha makusudi.

Vijana wetu wa Unguja na Mombasa wanaojifunza udi ili siku moja waketi kwenye basharafu, kipande cha ala tupu cha kufungulia taarabu, wanapita njia hiihii, na wengi wanaianza kwa karatasi. Kwa muhajjar na murabba, karatasi na iwepo tangu siku ya kwanza. Kwa samai, maksumu, baladi na saidi, ningewaomba walimu waifiche mpaka mwanafunzi aweze kuitamka duru nzima, es zake zikiwemo, huku vidole vikiendelea na wimbo.