Kiwanda cha alizeti kikibana matumizi, mbona huanza na fundi?

Alizeti ya Dodoma na Singida huvunwa kuanzia Mei, na ikifika mwanzoni mwa mwaka unaofuata wakamuaji wadogo wengi wanakuwa wameishiwa mbegu. Bili ya umeme ipo, rejesho la benki lipo. Hapo mwenye kiwanda anashika kalamu na kuanza kukata majina. Kubana matumizi ni haki yake. Ninachogomba nacho ni pa kuanzia.

Gharama kubwa ya kukamua ni mbegu yenyewe, mishahara iko nyuma kwa mbali. Tuseme kiwanda kinakamua tani 5 kwa siku na kutoa mashudu, yaani masalia ya mbegu zilizokamuliwa, kama tani 3. Fundi mzoefu huokota shudu likitoka mashineni na kulivunja kwa mkono. Likivunjika kavu, kazi iendelee. Likiacha mafuta vidoleni, anajua ama mbegu hazikupashwa moto vizuri, ama skrubu inayosukuma na kubana mbegu imelika, ama koni inayobana tundu la kutokea mashudu imelegezwa mno. Mwondoe huyo, umweke kibarua wa nusu mshahara. Mafuta yanayobaki kwenye mashudu yakiongezeka kwa asilimia 3 tu ya uzito wake, umepoteza kilo 90 kwa siku, yaani karibu madumu matano ya lita 20. Mafuta ya kula hayo, umeyauza kwa bei ya chakula cha kuku!

Halafu kuna namna watu wanavyoondolewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio, aweke wazi taarifa zote zinazohusika, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao: kwa nini watu wapunguzwe, inaepukika vipi, nani aondoke na kwa kigezo gani, lini, na kwa malipo yapi. Kikao kinachoitishwa barua zikiwa zimeshapigwa mhuri ni cha kuagana tu.

Kiinua mgongo nacho ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, ukomo miaka 10. Anayelipwa shilingi 390,000 kwa mwezi, kazi siku sita kwa wiki, gawanya kwa 26: ni 15,000 kwa siku, 105,000 kwa kila mwaka wa utumishi. Aliyetumika miaka 18 anaondoka na 1,050,000, sawasawa na wa miaka 10. Hicho ni kiwango cha chini, na hakuna anayekatazwa kuongeza.

Kabla ya kufika huko, yapo ya kujaribu. Simamisha ajira mpya na saa za ziada. Likizo zichukuliwe wakati mbegu hazipo. Mafundi wajazie skrubu zilizolika kwa kulehemu. Posho na mafuta ya gari la mkurugenzi yapungue kwanza, tena wafanyakazi waone.

Anayedai kuachishwa isivyo halali ana siku 30 za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi huzimaliza nyumbani, wakisubiri ile ahadi ya "tutawaita msimu ukianza".