Picha ya mahafali na mgeni wa getini

Ukifika msimu wa mahafali, kurasa za shule binafsi hujaa watoto wenye majoho madogo. Mwenye shule ana hoja ya kuziweka picha hizo mtandaoni, nayo si nyepesi. Nafasi za Januari hujazwa na wazazi wanaochungulia Instagram kabla hawajaja kuuliza ada. Baba aliyeko Muscat humwona mwanawe akighani shairi jukwaani. Na mzazi ambaye mtoto wake hakutokea pichani ndiye wa kwanza kupiga simu kulalamika.

Upande wa pili una sheria. Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijatumika. Septemba 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka picha za wanafunzi bila ridhaa hiyo. Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye fungu la taarifa nyeti. Jibu rahisi la shule ni fomu, ambayo mzazi anaisaini pamoja na ya basi na ya chakula, pengine bila kuisoma.

Fomu hiyo humlinda mwenye shule kuliko mtoto. Sura peke yake haisemi mengi. Hatari iko kwenye mchanganyiko. Tuseme picha ina nembo kifuani, ubao nyuma umeandikwa "Darasa la 3B", chini yake "Hongera Neema!", na mama anashukuru kwa akaunti yenye jina lake kamili, akitaja na basi la Mbagala. Asiyemjua mtoto sasa ana shule, darasa, jina, mzazi na njia ya kurudi nyumbani. Saa nane mchana yuko getini: "Nimetumwa na Mama Neema, amepata dharura." Mlinzi anaomba namba ya mama, mgeni anaitaja, na simu inapokewa na mwenzake.

Hapo ndipo ulinzi unapovuja. Namba ya kupigwa ni ile ya kwenye rejista ya shule. Isipopokelewa, mtoto anabaki ofisini, hata mgeni awe amevaa suti na ana haraka. Neno la siri la nyumbani, ambalo anayekuja kumchukua mtoto lazima alitaje, linasaidia, ila mtoto wa miaka saba hulitaja akiulizwa kwa upole, kwa hiyo lisitegemewe peke yake.

Wanaotaka picha zipigwe marufuku kabisa wanasahau simu za wazazi zilizoinuliwa ukumbini siku ya mahafali. Marufuku haizigusi hizo. Afadhali kanuni za upigaji: mikono ikifanya jaribio la sayansi, watoto kwa mgongoni, nembo na jina visionekane, na picha za ziara ya Bagamoyo ziwekwe watoto wakisharudi. Kubandika kikatuni usoni huku jina limeandikwa chini ni kazi bure.

Grupu la wazazi la WhatsApp nalo huonekana kama sebuleni, kumbe ni barazani. Linki ya mwaliko ikizunguka, yeyote anaingia na kuona namba za wote. Admini awashe mpangilio wa kuidhinisha wanaojiunga, na abadilishe linki kila mwaka. Jingine dogo: picha inayotumwa kama faili ili isipoteze ubora inaweza kwenda na alama ya mahali ilipopigwa; ikitumwa kama picha ya kawaida, alama hiyo huondolewa.

Mtu asiyejulikana akianza kumwandikia mtoto, wazazi wengi hunyang'anya simu na kufuta kila kitu. Ushahidi unapotea, na mtoto anajifunza kwamba kusema ni kuadhibiwa. Piga skrinshoti zenye namba na tarehe, mfungie huyo mtu, kisha piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto Tanzania na Kenya. Kwa Tanzania, peleka skrinshoti hizo Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.