Akifa, Nani Atamzika?

Swali hilo nalisikia uswahilini mara nyingi kuliko maswali ya pepo na jehanamu. Mtu haonekani jumuiya, Ijumaa haendi msikitini, mchango ukipita anajifungia ndani, na majirani wanaguna: huyu akifa, nani atamzika? Mambo yake na Mungu wamemwachia mwenyewe. Wao wanawaza nani atachimba kaburi, nani ataosha maiti, nani ataazima turubai na viti.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo watu wengi wa Dar es Salaam wanaposhikana na dini zao. Wapo wanaotuambia kwamba watu hukimbilia ibada kwa ujinga au kwa hofu ya kufa, na kwamba shule na mshahara vikiongezeka, makanisa na misikiti itabaki mitupu. Wanaosema hivyo wapite Jumapili asubuhi nje ya kanisa lolote kubwa la mjini, wahesabu magari. Au wakumbuke Loliondo mwaka 2011. Ambilikile Masapila, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT) ambaye watu walimwita Babu, alisema ameoteshwa na Mungu, akaanza kugawa kikombe cha dawa ya mizizi, iliyosemwa kuponya hata Ukimwi, kijijini Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Foleni ya magari ikafika kilomita kadhaa porini. Walikwenda Wakatoliki, Waislamu, walokole, wasomi, viongozi wa serikali, na Wakenya waliovuka mpaka. Kuna wagonjwa waliotolewa wodini kupelekwa kule wakafia njiani, na hilo siwezi kulipamba. Ukimwi haukupona. Lakini hakuna aliyeulizwa dini yake pale mbele ya Babu, wala hakuna aliyelipa zaidi kwa sababu ana cheo. Mgonjwa aliyezoea kuambiwa "njoo kesho" alipokewa na mzee aliyemwambia kwamba Mungu anamjua. Ukipuuza hilo, hutaelewa kwa nini watu walilala barabarani.

Tuanze na anayehamia mjini. Kijana ametoka Kasulu, amepanga chumba Mbagala au Gongo la Mboto, anafanya kibarua. Ndugu zake wako mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Akiugua, ni nani atakayejua? Kama ni Mkatoliki, jumuiya ndogo ndogo itajua, kwa sababu kila wiki inasali nyumba kwa nyumba, na nyumba zenyewe ni chache kiasi kwamba asiyeonekana anaulizwa. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizitilia mkazo jumuiya hizo miaka ya 1970, na sidhani kama kuna uamuzi wowote wa Kanisa huku kwetu uliogusa maisha ya watu kuliko huo. Kama ni Mwislamu, kuna msikiti wa mtaa, na kumzika Mwislamu ni faradhi kifaya: wasipojitokeza watu wa kutosha kuifanya, lawama ni ya wote. Asiye na mtu atazikwa na manispaa. Tunaogopa sana hayo mazishi ya manispaa, hata wale tusiosali vizuri.

Sasa, mtaa ni mmoja na dini ni nyingi, kwa hiyo msiba unakutanisha watu ambao ibada haiwakutanishi kamwe. Msiba wa Kiislamu unakwenda mbio: mtu amefariki alfajiri, baada ya adhuhuri au alasiri yuko kaburini. Jirani Mkristo akisubiri ratiba atakuta watu wameshatawanyika, hivyo anaacha alichokuwa akifanya. Msiba wa Kikristo unakokota: maiti iko mochwari, ndugu wanasubiriwa, kamati inakaa, pengine mwili unasafirishwa hadi Bukoba au Mbeya. Hapo ndipo utamwona mama mwenye hijabu amekaa mkekani siku ya tatu, anamenya vitunguu kwa ajili ya watu wa kwaya. Hakuna kiongozi aliyemtuma. Yeye alipofiwa na mumewe, hawa wanakwaya ndio waliomchotea maji.

Naona tunaposifia amani yetu tunawashukuru watu wasiohusika. Tunawataja wazee waliokaa meza kuu kwenye makongamano ya viongozi wa dini, chupa ya maji mbele ya kila mmoja. Sina ugomvi nao. Ila kazi imefanywa na wanawake wa mitaani, wanaojua nani anakula nini, nani haruhusiwi kugusa maiti, na nani asikae karibu na nani.

Mambo hayo madogo ndiyo yanayoweza kulipuka. Chukua kuchinja. Kwa miaka mingi desturi ilikuwa kwamba kwenye shughuli ya watu mchanganyiko ng'ombe anachinjwa na Mwislamu, ili wote wale. Haikuwa hotuba ya umoja, ilikuwa njia rahisi ya kuhakikisha hakuna anayerudi na njaa. Kisha baadhi ya Wakristo wakaanza kuuliza, kwa haki yao, kwa nini wao wasichinje. Februari 2013, Buseresere, mkoani Geita, ugomvi huo ulimuua mchungaji. Miezi michache kabla yake, Oktoba 2012, mabishano ya watoto wawili kuhusu Kurani yaliishia kwa makanisa kuchomwa Mbagala. Watoto wale walizoeana kiasi cha kutaniana. Jambo lilipotoka mikononi mwao likafika kwa watu wasiozoeana, likawa moto.

Kuna waliohitimisha kwamba dini ifungiwe nyumbani, mtaani isionekane. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 19, haisemi hivyo. Inasema kuabudu na kueneza dini ni hiari ya mtu, na uendeshaji wa jumuiya za dini uwe nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Serikali inakaa nje. Dini inaruhusiwa kutembea barabarani. Tangu sensa ya 1967 hatuulizwi tena dini zetu, na pamoja na malalamiko ya wanaotaka wahesabiwe, mimi naona bora iendelee hivyo. Idadi ikishajulikana, mtafuta kura atapiga hesabu.

Nisije nikaonekana naipaka dini asali. Mkono uleule unaokuzika unaweza kukukaba ukiwa hai. Kila mtu amesikia manung'uniko ya familia iliyoambiwa marehemu hakuwa akitoa zaka, au hakuonekana jumuiya, kwa hiyo padri haji. Ni ukatili kuwalipiza wafiwa deni la maiti, na waumini wanapaswa kulisema hilo kwa sauti badala ya kunong'ona chini ya turubai.

Na kuna Shakahola. Mwaka 2023, katika msitu wa Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilianza kufukuliwa miili ya watu waliohusishwa na kanisa lililodaiwa kuwafundisha wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Idadi ilipita 400, wakiwamo watoto wengi. Limeandikwa mengi kuhusu mhubiri, mimi huwaza zaidi ule msitu. Waumini walikuwa wametoka kwenye miji yao na ndugu zao, wakaenda kukaa na waliokubaliana nao tu. Hapakuwa na jirani wa Kiislamu wa kuuliza mbona watoto wa mama fulani hawaji tena kuchota maji. Hapakuwa na Mkatoliki mbea. Waliokufa walizikwa na watu wa imani yao peke yao, kimya kimya, na hakuna wa nje aliyekuja na kanga kiunoni kuuliza amekufa kwa nini. Jirani wa dini nyingine anakera, anapiga adhana saa kumi na moja alfajiri au anakesha na spika za mkesha, lakini ndiye shahidi wako.

Ndiyo maana hofu yangu ya sasa haiko kwa wahubiri. Iko kwenye shule. Mwaka 1969 serikali ya Nyerere ilipitisha Sheria ya Elimu iliyotaifisha shule nyingi za mashirika ya dini, mojawapo ya shabaha ikiwa watoto wasitenganishwe kwa imani. Siku hizi mwenye uwezo anampeleka mtoto seminari au bweni la Kiislamu tangu akiwa mdogo, kwa sababu ufaulu ni mzuri na nidhamu ipo. Siwalaumu, ningekuwa na ada ningefanya hivyohivyo. Ila mtoto huyo anamaliza kidato cha sita bila kuwahi kuingia kwenye msiba wa dini nyingine. Hajui avue viatu wapi, aseme pole kwa maneno gani, akae upande upi. Akijengewa nyumba yenye ukuta na geti, rambirambi atatuma kwa simu.

Wakuu wa shule hizo nawaomba kitu kimoja tu. Jirani wa shule akifiwa, mtu asiye wa dini yenu, fungeni madarasa mchana huo, muwapeleke wanafunzi wakabebe viti.