Locronan: mawe yana sheria, njia ina nini?

Uwanja wa Locronan, kijiji cha mkoa wa Bretagne, magharibi kabisa mwa Ufaransa, hauna nyaya za umeme zinazoning'inia juu, zimefukiwa ardhini. Katikati kuna kisima cha mawe, kando yake kanisa la Mtakatifu Ronan lililojengwa katika karne ya 15, na kuzunguka hapo nyumba za graniti za karne ya 17 na 18. Wakazi wa kijiji hawafiki elfu moja, ilhali wageni ni laki kadhaa kila mwaka. Anayekuja kwa gari huliacha nje ya kijiji kwa malipo, kisha anaingia kwa miguu.

Ubishi unaanzia hapo. Wapo wanaosema ulinzi mkali wa kisheria wa majengo ya kale ndio uliokiokoa kijiji. Wapo wanaosema ulinzi huohuo umekigeuza kuwa duka la zawadi za watalii. Kila upande una hoja nzito, lakini wote wawili wanautazama uwanja tu. Urithi ulio hatarini zaidi Locronan, yaani njia ya mahujaji, uko nje ya uwanja, mashambani, na hauna sheria ya kuulinda kama ile inayoyalinda mawe.

Kijiji kimekaa kwenye mteremko wa kilima chenye mita 289, kinachotazama ghuba ya Douarnenez. Upepo wa bahari huleta unyevu karibu mwaka mzima, na unyevu huo ulikuwa mtaji. Hapa palilimwa hempu, mmea wa jamii ya bangi unaopandwa kwa ajili ya nyuzi. Mimea iling'olewa, ikalowekwa majini kwa wiki moja au mbili hadi gundi inayoshika nyuzi ilegee, ikaanikwa, ikapondwa, ikachanwa kwa vitana vya chuma, ndipo ikasokotwa na kufumwa. Uzi wa hempu ukikauka sana hukatika mfumaji anapouvuta. Hewa yenye unyevu huuweka laini. Kilichotoka kwenye mitambo ya kufumia kilikuwa kitambaa kizito cha matanga ya meli, na biashara hiyo ndiyo iliyojenga nyumba zile za uwanjani. Kuanzia karne ya 18 soko liliporomoka mbele ya viwanda vikubwa vya miji mingine, na baadaye meli za mvuke zikamaliza kazi.

Ufukara uliofuata ndio mlinzi wa kwanza wa Locronan. Kwingine matajiri wa karne ya 19 walibomoa nyumba za kale wakajenga mpya. Hapa hapakuwa na mtu mwenye pesa za kubomoa. Sheria ilikuja baadaye, kabla ya Vita Kuu ya Pili, na mmoja wa waliousukuma uhifadhi alikuwa Charles Daniélou, meya wa kijiji aliyepata kuwa waziri mara kadhaa. Kwa hiyo anayesema sheria peke yake iliokoa kijiji anaruka karne nzima ya umaskini.

Hata hivyo, sheria ina kazi yake, na anayeidharau hajawahi kuona ukuta uliorekebishwa vibaya. Kwa kawaida, nchini Ufaransa, mwenye nyumba iliyo ndani ya mita 500 kutoka jengo la kihistoria, na inayoonekana pamoja nalo, hawezi kubadili sura ya nje bila msanifu wa serikali kukubali. Madirisha ya plastiki hukataliwa, na paa hutakiwa liwe la vigae vya sleti ya asili, jiwe linalopasuliwa vipande vyembamba. Watu hulalamikia gharama, nao wana haki. Lakini chukua mfano wa kujaza nafasi kati ya mawe. Ukuta wa kale una unene wa sentimita 60 hadi 80, na ndani yake mara nyingi kuna kokoto zilizoshikwa kwa udongo tu. Maji hupanda kutoka ardhini na kuingia na mvua, kisha hutoka kupitia nafasi zile. Fundi akiziziba kwa saruji, njia ya kutokea imefungwa. Maji yanabaki ndani, udongo unalegea, chumvi inatokeza upande wa sebuleni, na boriti ya mbao juu ya dirisha inaoza kimyakimya. Kwa nje ukuta unaonekana mzuri, na mwenye nyumba hagundui kitu mpaka tumbo la ukuta lianze kuvimba.

Njia sahihi ni chokaa. Unakwangua nafasi kwa kina cha sentimita 2 au 3, unapiga brashi, unalowesha ukuta, kisha unajaza mchanganyiko wa kipimo kimoja cha chokaa ya asili inayoganda kwa maji na vipimo viwili na nusu hadi vitatu vya mchanga. Usifanye kazi hiyo joto likiwa chini ya nyuzi 5, wala usiache jua likaushe chokaa kwa haraka. Inyunyizie maji siku mbili tatu za mwanzo. Mafundi wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalijua jambo hili vizuri, maana saruji iliyopakwa juu ya kuta zao za mawe ya matumbawe imeleta maradhi yaleyale.

Upande wa pili unasema nini? Kwamba nyumba nzuri isiyo na mtu ni ganda. Nyumba nyingi za uwanjani sasa ni migahawa ya chapati za Kibretoni, maduka ya biskuti na vyumba vya maonyesho. Bei inapanda kwa sababu mnunuzi anayetoka mbali anaweza kulipa kuliko kijana aliyezaliwa kilomita 3 kutoka hapo. Msimu wa baridi milango mingi hufungwa. Hoja hii ni ya kweli, ila dawa inayopendekezwa, yaani kulegeza masharti ya ujenzi, haigusi ugonjwa. Dirisha la plastiki halitamrudisha kijana kijijini. Kinachoweza kumrudisha ni nyumba ya kupanga kwa bei anayoimudu, na hilo ni suala la bajeti ya halmashauri na ardhi iliyo nje ya uwanja.

Sasa tuje kwenye njia. Kila baada ya miaka sita, kuanzia Jumapili ya pili ya Julai hadi ya tatu, hufanyika Troménie Kuu: mzunguko wa mahujaji wa takriban kilomita 12 wenye vituo 12, unaofuata mpaka wa ardhi takatifu iliyokuwa kimbilio la watu chini ya watawa wa zamani. Jina lenyewe ni la Kibretoni, lugha ya Bretagne: tro minihi, kuzunguka ardhi hiyo. Za karibuni zilikuwa za 2019 na 2025. Inayofuata ni 2031. Miaka ya katikati kuna mzunguko mdogo wa kilomita 6 hivi. Njiani hujengwa vijumba vya matawi, na ndani yake huwekwa sanamu za watakatifu. Wazee walisema asiyeuzunguka akiwa hai atauzunguka akiwa maiti, akisogea kila mwaka urefu wa jeneza lake tu. Mtafiti Donatien Laurent aliona katika vituo vile 12 kivuli cha kalenda ya Waselti, watu wa Ulaya magharibi wa kabla ya Ukristo. Ni nadharia yenye mvuto, ingawa hakuna maandishi ya enzi hiyo ya kuithibitisha.

Sehemu za mzunguko huo hupita katikati ya mashamba ya watu. Barabara ya umma ya kijijini ina kinga fulani kisheria: halmashauri haiwezi kuiuza maadamu wananchi bado wanaitumia. Njia inayofunguliwa shambani mara moja kwa miaka sita haina kinga hiyo. Inategemea hiari ya mwenye shamba.

Wengine wanataka hiari hiyo igeuzwe kuwa lazima ya kisheria. Mimi sikubaliani nao. Mkulima anayefungua ua wake kwa ajili ya mahujaji anashiriki ibada. Ukimlazimisha, umegeuza zawadi kuwa kodi. Lakini hiari isiyo na maandishi hufa pamoja na aliyeitoa, hasa shamba linaporithiwa na mtu anayeishi mbali au linapounganishwa na la jirani. Mapatano yaliyoandikwa kati ya halmashauri na wamiliki, yenye ramani ya kila kipande na fidia ndogo, yangetosha. Gharama si kubwa: ukanda wa mita 3 kwa mita 200 ni mita za mraba 600, yaani asilimia 6 ya hekta. Sehemu ya malipo ya maegesho ya magari ingeweza kulibeba jambo hilo.

Na wakati wa kuzungumza na mkulima si Julai. Mahindi ya Bretagne hupandwa mwishoni mwa Aprili na Mei. Katikati ya Julai yanaweza kumfikia mtu mabegani. Ukanda wa kupita lazima uachwe bila mbegu tangu siku trekta linapoingia shambani.