Msindikizaji Si Mzururaji

Juma lililopita, nikiwa katika foleni ya ukaguzi mlangoni mwa Jengo la Tatu la Abiria, Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, abiria mmoja nyuma yangu aliitazama familia iliyokuwa ikimuaga binti yake, akacheka, kisha akasema kwa sauti ya kusikika kwamba watu hawa wanadhani wako stendi ya mabasi ya Mbezi. Familia yenyewe ilikuwa na bibi aliyejitanda kanga, wanaume wawili wa makamo, mashangazi kadhaa na watoto waliokwisha kuchoka, wote wakiwa wamekuja kwa ajili ya msichana mmoja mwenye pasipoti mpya. Sikumjibu bwana yule, lakini kauli yake ilinikera safari nzima, hasa nilipotambua kwamba majengo yetu yanakubaliana naye: msindikizaji huishia mlangoni.

Sina ugomvi na Jengo la Tatu lenyewe. Tangu Rais John Magufuli alipolizindua Agosti 1, 2019, limelipunguzia mzigo Jengo la Pili, lililofunguliwa mwaka 1984 kwa mchoro wa Mfaransa Paul Andreu, ambaye pia alichora uwanja wa Charles de Gaulle kule Paris. Tunaambiwa kwamba Jengo la Tatu lina uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka, na hesabu hiyo ndiyo inayonishughulisha, kwa kuwa imewahesabu abiria peke yao. Mtu anayeondoka Dar es Salaam kwenda kutibiwa India, kusoma Uchina, kuhiji Makka au kutafuta riziki Oman haondoki kama mtu aliyetoka dukani; anaombewa dua, anausiwa, anakumbushwa namba za simu za jamaa, na wapo waliochanga nauli yake ambao wana haki ya kumwona akiingia.

Tena msindikizaji ana kazi, na kazi yake huonekana vizuri zaidi pale anapokosekana. Simama karibu na mizani ya mizigo jioni yoyote yenye ndege za kwenda mbali, umtazame abiria aliyeruhusiwa kilo 23 huku begi lake likisoma 29. Anapiga magoti sakafuni, anafungua zipu mbele ya halaiki, anatoa dagaa, anatoa unga, anatoa vitenge vya zawadi, anapima tena, bado limezidi. Laiti shangazi yake angekuwa hatua chache kutoka hapo, vitu hivyo vingerudi nyumbani ndani ya dakika moja. Lakini shangazi alizuiwa mlangoni, na simu yake haipokelewi kwa sababu amekwisha kuingia katika gari linaloelekea Gongo la Mboto. Basi unga unaachwa, au unalipiwa fedha ambayo ingenunua magunia ya unga huko uendako. Na hapo sijamtaja mzee anayesafiri kwa mara ya kwanza, asiyejua kwamba ile fomu anayopewa inajazwa pande zote mbili.

Bwana yule alidhani ametukana alipoitaja Mbezi. Mimi naona aliisifu bila kukusudia, kwa sababu stendi ya mabasi, pamoja na kelele zake zote na wapiga debe wanaokunyang'anya begi kabla hujasema unakwenda wapi, inatambua kwamba msindikizaji yupo: anaingia, anakabidhi mfuko mkubwa wa shangazi kaja uliofungwa kamba, na anabaki dirishani mpaka basi linapong'oa nanga. Uwanja wa ndege, ambao umegharimu fedha nyingi mno kuliko stendi yoyote, unamwambia mtu huyohuyo kwamba safari ya mwanawe haimhusu.

Nakubali, shingo upande, kwamba usalama si mchezo, na kwamba baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 kule Marekani nchi nyingi zilikaza milango yake kwa sababu zinazoeleweka. Nakubali pia kwamba ukoo mzima ukiruhusiwa kuingia, kaunta hazitafikika. Lakini hakuna sheria ya usalama inayokataza benchi nje ya mlango.

Ninachotaka ni kidogo. Upande wa nje, wanakoondokea na wanakofikia abiria, pawe na baraza pana lenye paa, viti vya kuwatosha wazee, vyoo visivyohitaji tiketi ya ndege, na ubao unaoonyesha ni ndege gani imechelewa, ili aliyekuja kumpokea mtu asisimame kwa muda wa saa tatu akiuliza kila mlinzi anayepita. Magari yamepimiwa nafasi yake, yamechorewa mistari, na yanatozwa kwa muda yanaokaa. Sioni kwa nini bibi aliyejitanda kanga asipimiwe nafasi yake pia. Wala sidai awekewe bure kila kitu: mpangisheni mama lishe mmoja pembeni mwa baraza hilo, na chai watanunua wenyewe.