Asilimia 99 Haitoshi, Lakini Pumba za Mpunga Zisidharauliwe

Watafiti wanaosafisha majitaka kwa pumba za mpunga, magunzi ya mahindi, vifuu vya nazi au maganda ya ndizi wana takwimu moja wanayoipenda mno: asilimia 99 ya metali nzito, kama risasi na kadimi zenye sumu, imeondolewa. Takwimu hiyo imewapa watetezi wa njia hii sifa wasizostahili, na imewapa wapinzani wao sababu nyepesi ya kuibeza. Maji yenye miligramu 100 za metali ya risasi kwa lita yakiondolewa asilimia 99 hubaki na miligramu 1, ilhali kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita. Baada ya mafanikio hayo yote, risasi iliyobaki ni mara 100 ya kiwango hicho. Majitaka hayanywewi moja kwa moja, ni kweli, lakini mto unaoyapokea una wanywaji wake. Zaidi ya hapo, asilimia hupanda kwa kadiri ya pumba zinazotiwa: chupa ndogo yenye pumba tele itaonyesha karibu asilimia yoyote anayoitaka mpimaji. Kipimo cha haki ni miligramu ngapi zimenaswa na kila gramu ya pumba, na ngapi zimebaki majini.

Hata hivyo, kinachotendeka ndani ya chupa hiyo si kiinimacho. Selulosi, lignini na pektini, ambazo ndizo zinazounda mwili wa mmea, zina vikundi vya atomi viitwavyo kaboksili na haidroksili vinavyoshika ioni (atomi zenye chaji ya umeme) zenye chaji chanya. Maji yakiwa na asidi kali, ioni za haidrojeni huziwahi nafasi hizo. pH, kipimo ambacho hupanda asidi inapopungua, ikifika 5 au 6, nafasi huachwa wazi, na risasi, shaba na kadimi huingia, mara nyingi kwa kuifukuza kalsiamu iliyokuwapo tangu mmea ulipokuwa shambani. Kromi yenye valensi ya 6, yaani iliyopoteza elektroni 6, hufuata njia nyingine kabisa: katika maji ya asidi, pumba zenyewe huipa elektroni na kuigeuza kuwa kromi ya valensi ya 3, ambayo sumu yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya kwanza.

Pale ambapo majitaka yana mamia ya miligramu kwa lita, sioni sababu ya kushindana na chokaa, njia ya kawaida ya kusafisha majitaka hayo. Hupandisha pH, metali zikawa haidroksidi, yaani chembe ngumu zisizoyeyuka kwa urahisi, zikazama. Shida huja metali zinapopungua, kwa sababu kila haidroksidi ina kiasi fulani kinachoyeyuka, na pH inayoizamisha metali moja vizuri si lazima iwe ndiyo inayoizamisha nyingine. Kunasa metali hizo chache zilizobaki majini ndiyo kazi inayozifaa pumba.

Wapinzani huuliza, na wana haki, pumba zilizojaa kadimi zitapelekwa wapi. Lakini swali hilo linaikabili chokaa vilevile, kwani metali ni elementi na hakuna mtambo unaoiangamiza. Tofauti ni umbo inaloachwa nalo. Chokaa huacha tope zito lililojaa maji. Maganda yanaweza kuoshwa kwa asidi hafifu, metali ikakusanywa katika kimiminika kidogo, nayo yakarudi kazini: mwaka 2011 watafiti wa Brazili waliripoti kwamba maganda ya ndizi yaliyosagwa yalinasa shaba na risasi hata yakitumika mara 11. Lisilokubalika ni kuyageuza kuni, maana kadimi na zebaki hupanda na moshi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la ukubwa. Chukua pumba zinazonasa miligramu 20 kwa gramu. Kiwanda kinachotoa lita 1,000,000 kwa siku, zenye miligramu 10 za metali kwa lita, kitahitaji kilo 500 za pumba kila siku, tena pumba zikijaa kabisa, jambo lisilotokea katika majitaka halisi ambamo kalsiamu na magnesi hugombea nafasi zilezile. Pumba mbichi nazo hutoa rangi na uchafu wa kikaboni unaohitaji kusafishwa upya. Kwa kiwanda kama hicho, wapinzani wameshinda.

Ila hesabu hiyohiyo, kwa karakana ya kuchovya vyuma ili kuvipaka metali nyingine, inayotoa lita 5,000 zenye kiwango kilekile, hudai kilo 2.5 kwa siku. Hata uwezo wa pumba ukishuka hadi robo, ni kilo 10. Karakana kama hizi, ambazo mara nyingi hazimudu resini za kubadilishana ioni (chembe za viwandani zinazonasa metali), ndizo zinazosahaulika mjadala unapoendeshwa kwa vipimo vya viwanda vikubwa. Kuosha kwa asidi hakufai kuachiwa kila fundi, kwa hiyo kibali cha kutumia pumba kinapaswa kumtaja anayezikusanya zikishajaa, na kuzihesabu kama taka zenye sumu tangu zinapotolewa kwenye chujio.